Jua Haki Zako: Nyumba Yako Gihosha na Wanaokudai

Hapa Burundi, mtu mwenye nyumba Gihosha akizidiwa na madeni, ushauri wa kwanza kutoka kwa jamaa huwa uleule: andikisha nyumba kwa jina la ndugu yako kabla wadai hawajaja kuikamata. Ni ushauri mbaya.

Kisheria, mali yote ya mdaiwa ni dhamana ya wadai wake: nyumba, gari, akiba ya benki, hata pango analolipwa na wapangaji. Sheria yetu ya mikataba, ambayo shina lake ni amri ya tarehe 30 Julai 1888 ya enzi za Kongo ya Mfalme Leopold, inampa mdai haki ya kupinga mahakamani kitendo chochote alichokifanya mdaiwa ili kumdhulumu. Zawadi kwa mtoto, mauzo ya bei ya kutupa kwa shemeji, hati iliyobadilishwa jina siku chache kabla ya kesi: yote hayo hakimu anaweza kuyaondolea nguvu. Hatari nyingine inatoka kwenu nyumbani. Jina la ndugu yako likishaingia kwenye hati miliki, kisheria nyumba ni yake. Akifa, warithi wake wataidai. Akikopa yeye, wadai wake wataikamata. Mkikosana, utabaki na maneno matupu.

Kinga halali hujengwa mapema, wakati hakuna anayekudai, na huanzia kwenye kutenganisha biashara na nyumba. Ukifanya biashara kwa jina lako binafsi, deni la duka ni deni lako. Sheria ya makampuni ya tarehe 30 Mei 2011 inamruhusu hata mtu mmoja kufungua kampuni, ile inayoitwa SU. Mkiwa kadhaa, mnaweza kuunda aina ya kampuni iitwayo SPRL. Kampuni ikianguka, kwa kawaida unapoteza mtaji uliouweka humo tu. Lakini wengi huubomoa ukuta huo kwa mikono yao: wanachota pesa za kampuni kulipa karo, wanatumia akaunti moja kwa kila kitu, au wanasaini kuwa wadhamini binafsi wa mkopo wa kampuni. Benki inaweza kuitaka saini hiyo. Kabla ya kuitoa, uliza kama dhamana yako inaweza kuwekewa kikomo cha kiasi na cha muda, au kama gari na bidhaa zinatosha badala ya nyumba. Hakuna aibu kujadiliana. Ukimdhamini rafiki ni vivyo hivyo: asipolipa, utafuatwa wewe.

Nyumba ya familia isiwekwe rehani kabla mume na mke hawajajua na kusaini wote wawili. Tunayo Kanuni ya Watu na Familia ya mwaka 1993, lakini mswada wa sheria ya mirathi na mali ya ndoa umekwama kwa miaka mingi, na pengo hilo linazibwa na mila ambazo mara nyingi humbana mwanamke.

Kuhusu kodi ya serikali: kuificha hakulindi chochote. Mamlaka ya mapato, OBR, ni mdai mwenye kipaumbele, na adhabu za kuchelewa hulivimbisha deni. Tangaza mapato ya nyumba unazopangisha, tunza risiti, na ukishindwa kulipa kwa mkupuo, omba kwa barua ulipe kwa awamu kabla akaunti yako haijazuiwa.

Je, unaweza kufungwa kwa sababu ya deni? Kushindwa kulipa peke yake si kosa la jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unakataza kifungo cha namna hiyo katika ibara ya 11, na ibara ya 19 ya Katiba ya 2018 inazifanya haki za mkataba huo kuwa sehemu ya Katiba yenyewe. Ukiitwa polisi kwa deni la kawaida, sema kwa heshima kwamba shauri hilo ni la madai. Lakini hundi isiyo na pesa, utapeli, au kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili ni makosa ya jinai, na hapo ibara hizo hazikukingi.

Linaloniumiza zaidi ni Banque Lambert. Kwetu hilo ni jina la mtaani la wakopeshaji wa riba kubwa, wanaotoa pesa haraka bila idhini ya Benki Kuu, BRB. Huyu anashika kadi yako ya benki ili achote mshahara. Yule anakutaka usaini mkataba wa kuuza nyumba, akikuapia kwamba ni karatasi ya usalama tu. Usiisaini. Rehani ya nyumba ina njia yake: hati rasmi inayoandikishwa kwenye ofisi ya hati miliki za ardhi. Ukishindwa kulipa, nyumba inauzwa kwa utaratibu wa kisheria, mdai anachukua chake, kinachobaki ni chako. Mkataba wa mauzo hauna kurudishiwa chochote: umeuza, basi. Nyumba ya miaka yako yote inaweza kwenda kwa deni dogo la matibabu.

Kama umeshasaini, bado unaweza kujitetea, kwa sababu riba ya kinyonyaji ni kosa katika sheria ya jinai na hakimu anaweza kuonyeshwa kwamba mauzo yale yalikuwa mkopo uliovikwa nguo nyingine. Atahitaji ushahidi. Kusanya ujumbe wa Lumicash, yaani pesa za simu, wa kila malipo, karatasi za benki, ujumbe wa simu unaotaja riba, na majina ya waliokuwepo siku ya kusaini. Fika kwa wazee wa intahe yo ku mugina, baraza la usuluhishi la mtaa wako, na umwone wakili au shirika la msaada wa kisheria. Nenda wiki hii, kabla nyumba haijauzwa kwa mtu wa tatu, maana ikishafika huko kesi yako inakuwa ngumu mara nyingi zaidi.