Sabufa ya kwanza kwenye IST

Swali: Nina Toyota IST, nataka kufunga sabufa. Nichukue ya inchi ngapi, na amplifaya ya wati ngapi?

Jibu: Inchi 10 ndani ya boksi lililozibwa kabisa inakutosha; buti yenyewe ni ndogo. Usivutwe na "wati 1,200" za kwenye kasha, hizo ni za kilele cha kitambo kifupi tu. Tazama RMS, yaani wati za mfululizo: sabufa ya wati 300 za RMS, omu 4, ipate amplifaya ya chaneli moja inayotoa takriban wati 300 za RMS kwa omu hizohizo 4. Kwenye waya wa umeme wa kutoka betri hadi amplifaya, ndugu yangu, nakusihi usibane pesa. Nunua wa shaba halisi, milimita za mraba 16, na fyuzi ya ampea 40 ikae jirani na betri. Bila fyuzi hiyo, waya ukichubuka na kugusa bodi, gari linaweza kuungua.