Homa ya Kupe: Umwone Daktari Yupi?

Mtu aenda mashambani kuwajulia hali wazazi, au atembea mbugani mwishoni mwa juma. Wiki moja hivi baadaye, akiwa amerudi mjini, ashikwa na homa, kichwa chamwuma na viungo vyamlegea. Ajinunulia dawa za malaria. Siku tatu zapita na homa ingali pale pale. Je, amwone nani?

Huenda si malaria. Hapa kwetu kuna magonjwa mawili ya aina hii ambayo ni vyema kila msomaji ayajue.

Kupe na papasi

Kwanza ni taifasi ya kupe, inayoletwa na vijidudu viitwavyo riketsia. Palipoumwa mara nyingi huota kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, na tezi za karibu huvimba. Kwa kuwa hakiumi sana, wengi hawakioni, hasa kikiwa kinenani au nyuma ya goti.

Pili ni homa ya papasi. Papasi hujificha katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, huwauma watu usiku na kutoweka. Homa yake hupanda, hutulia siku kadhaa, kisha hurudi. Mama mjamzito aweza kupoteza mimba.

Daktari anayefaa

Si lazima umtafute bingwa. Daktari wa kawaida au afisa wa kliniki aliye makini aweza kukutibu. Mchague kwa mambo haya:

1. Akuulize ulikokwenda, ulikolala na kama uligusa mifugo. Asiyeuliza hawezi kushuku kupe.

2. Akague ngozi yako yote, wala si kukuandikia dawa ukiwa bado umevaa koti.

3. Awe na maabara yenye darubini. Kile kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vijidudu vya papasi. Huonekana damu ikitazamwa kwa darubini, hasa ikitolewa wakati homa imepanda.

4. Asichanganye taifasi na taifodi. Majina yanakaribiana, lakini magonjwa ni mbali mbali. Riketsia haionekani katika kipimo cha kawaida cha damu, kwa hiyo daktari mwenye ujuzi akiona dalili huanza tiba bila kungoja. Dawa inayotumika sana ni doksisaiklini. Mwambie mapema ikiwa una mimba.

5. Awe na leseni. Madaktari husajiliwa na baraza lao, KMPDC, na una haki ya kuuliza.

Mgonjwa wa papasi hufaa atazamwe kwa saa kadhaa baada ya dozi ya kwanza, kwani homa yaweza kupanda ghafla vijidudu vinapokufa. Ndiyo sababu dawa hizi si za kujinunulia dukani.

Usikawie

Nenda moja kwa moja hospitali kubwa ukiona mgonjwa anachanganyikiwa, anapumua kwa shida, macho yamekuwa manjano, au anatokwa damu puani au kwenye fizi.

Na hata daktari awe hodari namna gani, hawezi kukisia ulikolala. Akisahau kukuuliza, mwambie wewe mwenyewe: "Nilikuwa mashambani, na huenda niliumwa na kupe." Maneno hayo machache yaweza kukuokoa.