Kompyuta Inapochemka: Tutafute Chanzo Kabla ya Mkosaji



Mwezi wa saba Tarakea ni baridi. Asubuhi ukungu hushuka, Mawenzi haionekani, na ofisini watu hufunga madirisha na kukaa na makoti. Katika baridi hiyo, sisi mafrateri watatu tuliotumwa likizo kwa kazi za kichungaji katika parokia moja ya ukanda huo wa Rombo tulikutana na kompyuta ya mezani iliyokuwa ikizima kwa sababu ya joto. Hatukufikiri kabisa kwamba ni joto. Kwa hiyo tulifanya makosa matatu mfululizo, na mawili kati ya hayo yalimwumiza mtu. Tunayaandika hapa ili mwenye kompyuta inayochemka ajue la kufanya, na ili sisi tunaosoma falsafa tujue kwamba yale ya darasani yana kazi hata kwenye meza ya ofisi.

Yaliyotokea

Ofisi ilikuwa inaingiza kwenye kompyuta majina yaliyomo katika vitabu vya ubatizo. Mwamini anayetaka kufunga ndoa huhitaji cheti cha ubatizo, na akisahau mwaka au namba yake, katibu hupekua kitabu baada ya kitabu. Kijana mmoja wa VIWAWA alijitolea kuchapa orodha hiyo. Alikuwa ameifanya kazi kwa wiki tano tulipofika.

Sisi tulipofika tulipanga ofisi upya. Kompyuta tuliiingiza ndani ya kabati la meza, tukaisukuma hadi ukutani, tukaifunika kwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Baada ya siku chache ikaanza kuzima yenyewe katikati ya kazi.

Kosa la kwanza: tulikumbuka kwamba jana yake yule kijana alikuwa amechomeka flashi yake. Tukasema ameleta virusi. Hatukumwambia usoni, ila tulimwomba katibu asimruhusu tena kugusa mashine. Kijana alielewa. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Kosa la pili: tuliipeleka mashine ikapigwe Windows upya, wala hatukutoa nakala ya mafaili kwanza. Kazi yake ya wiki tano ikafutika yote.

Kosa la tatu: ilipoendelea kuzima, tulinunua pawasaplai ya mtumba kwa shilingi 45,000 za waamini. Ikazima siku hiyohiyo.

Ndipo mama katibu akamwita mzee mmoja anayetengeneza redio karibu na soko. Mzee hakugusa kitu. Alikaa, akauliza, "Mafrateri, mkiiwasha asubuhi inakaa dakika ngapi kabla ya kuzima? Na mkiiwasha tena papo hapo?"

Tukatazamana. Wiki mbili zilikuwa zimepita na hakuna aliyehesabu.

Tukahesabu. Asubuhi, ikiwa baridi, ilikaa dakika 25. Tulipoiwasha papo hapo, ilikaa dakika 6. Tulipoiacha saa nzima, ikakaa tena zaidi ya dakika 20. "Basi ni joto," mzee akasema. "Kirusi hakijui kwamba mashine imepumzika."

Kwa nini joto huzima kompyuta

Umeme wote unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto. Prosesa ni kipande kidogo, kwa hiyo joto hilo lazima liondolewe upesi. Linapita kwanza kwenye pesti nyembamba iliyopakwa juu ya prosesa, kisha kwenye bamba la alumini lenye meno membamba, kisha feni hulipuliza, na mwishowe hewa hulitoa nje ya boksi. Njia hiyo ikizibwa sehemu moja tu, joto hurudi nyuma. Prosesa nyingi za sasa hupunguza mwendo zinapokaribia nyuzijoto 100, na zikizidi hapo mashine hujizima ili isiungue. Kuzima huko ni ulinzi wa mashine.

Baridi ya nje haisaidii kama hewa baridi haiingii ndani ya boksi. Tena hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo feni ileile hubeba joto pungufu kidogo. Kompyuta ya Tarakea inaweza kuchemka kama ya Tanga.

Hatua za kufuata

Anza na hatua isiyo na gharama, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha pima.

1. *Toa nakala ya mafaili.* Fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote, mashine ikiwa bado inawaka hata kwa dakika chache.

2. *Hesabu dakika.* Ikizima upesi zaidi inapokuwa na moto, na ikikaa muda mrefu baada ya kupoa, shuku joto. Ikizima ovyo bila mpangilio, chunguza waya, soketi na umeme wenyewe.

3. *Soma nyuzijoto.* Washa mashine ukibonyeza F2, F10 au Delete, kulingana na aina yake, uingie kwenye ukurasa wa mipangilio ambao mafundi huuita bayosi. Kompyuta nyingi huonyesha hapo joto la prosesa na mwendo wa feni. Kati ya 40 na 55 kwa kawaida si tatizo. Ikipanda bila kusimama hadi 80 na zaidi, kuna njia imeziba. Yetu ilifika 84 ndani ya dakika kumi.

4. *Itoe mahali pa kubana.* Ondoa kitambaa, iache mbali na ukuta kwa kiganja kizima au zaidi, isikae ndani ya kabati. Yetu ilishuka hadi 71 kwa hatua hii peke yake.

5. *Safisha vumbi.* Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Itoe nje, fungua ubavu wake, gusa chuma kitupu cha boksi ili umeme wa mwilini usiharibu vifaa. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, au bilowa ya fundi simu. Shika feni kwa kidole isizunguke unapoipuliza. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate huingia, wala usitumie kitambaa chenye maji. Vumbi letu lilikuwa limegandamana kati ya meno ya bamba kama sufi. Tulipolitoa, tukasoma 58.

6. *Angalia feni.* Mashine ikiwa imezimwa, izungushe kwa kidole. Ikiwa nzito au inakwaruza, ibadilishwe. Angalia pia kama kuna waya unaoigusa.

7. *Badilisha pesti.* Ikishakauka na kupasuka, hewa hukaa katika nyufa, na hewa hupitisha joto vibaya sana. Futa ya zamani kwa spiriti na kitambaa safi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, rudisha bamba, kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Kama hujawahi, mwachie fundi. Baada ya hatua hii tulisoma 46.

8. *Angalia programu.* Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu gani inayotumia prosesa sana. Hapa ndipo virusi huweza kweli kuwa sababu, lakini ushahidi wake huonekana.

Onyo moja: usifungue boksi la pawasaplai. Ndani yake kuna vifaa vinavyotunza umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya.

Tulichokosea kwa kweli

Aristotle anafundisha kwamba hatujui kitu mpaka tujue sababu yake. Katika mantiki tulijifunza pia kosa la kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha: flashi ilichomekwa jana, mashine imezima leo, basi flashi. Mtihani wa kosa hilo tulifaulu. Ofisini tukalitenda.

Lakini kosa letu halikuwa la mantiki tu. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika sehemu ya Summa Theologiae inayozungumzia haki (II-II, swali la 60), anaweka hukumu itokanayo na shuku miongoni mwa hukumu zisizo halali, na anataka palipo na mashaka tumfikirie mwenzetu mema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, nayo inataja hukumu ya haraka kama kosa dhidi ya heshima ya mtu, hata pale tunapoinyamazia moyoni. Sisi tulinyamaza, tukadhani kunyamaza kumetuokoa. Mashine tungeweza kuidhania lolote na isiumie. Kijana aliumia.

Kuhusu vitabu, kuna jambo la kushukuru. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na marehemu, na ivitunze. Orodha ya kompyuta ilifutika, vitabu vilibaki kabatini. Kompyuta husaidia kutafuta, lakini kitabu ndicho kumbukumbu.

Jumapili hiyo, baada ya Misa ya pili, tulikwenda wote watatu nyumbani kwa yule kijana. Tulimweleza mbele ya mama yake kwamba tulimshuku bila sababu, na kwamba kazi yake tumeifuta sisi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Ina maana kilikuwa kile kitambaa?" Tukamjibu ndiyo, na vumbi, na kabati, na aliyevipanga hivyo ni sisi.

Jumanne alirudi, akaanza kitabu cha kwanza upya. Sisi tulipokezana kumsomea majina mpaka likizo ikaisha, na kila jioni nakala huwekwa kwenye flashi inayofungiwa kabatini. Hatukufika alipokuwa amefika mwanzo.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katika jumuiya au ofisi yetu kuna mtu tuliyemshuku kwa sababu tu alikuwa wa mwisho kugusa kitu?
2. Kitu kinapoharibika, ni swali gani tunaloliuliza kwanza: "Nani?" au "Lini, na kwa namna gani?"
3. Kumbukumbu za parokia au kigango chetu zina nakala ngapi, na zinatunzwa wapi?