Bwawa Limevuniwa? Usikimbilie Kupandikiza Vifaranga Wapya

Msimu huu wa kiangazi simu nyingi ninazopata kutoka Kasulu na Kibondo zinafanana: "Afisa, nimevuna perege wangu, bwawa liko wazi, nilete vifaranga lini?" Jibu langu siku hizi ni moja: bwawa limeshakufa kwanza?

Nina sababu. Miaka ya nyuma kijana mmoja upande wa Kasulu aliniita nikague bwawa lake la mita 10 kwa 20. Nilisimama ukingoni, nikaona maji yametoka, nikamwambia alete vifaranga. Akaweka 600. Alipovuna hakupata hata 100 wa kuuza. Badala yake tulikuta kambale wawili wanene kama mkono, pamoja na rundo la perege wadogo wasiokua. Kambale walikuwa wamejificha kwenye tope siku ile ile niliyokagua. Kosa lilikuwa langu, hasara ikawa yake. Tangu hapo siruhusu mtu apandikize mpaka nimeshuka ndani ya bwawa kwa miguu yangu.

Nini kinabaki baada ya kuvuna?

Vitu vitatu. Kwanza, samaki wa zamani. Kambale anavuta hewa ya juu, kwa hiyo anaishi kwenye tope bichi muda mrefu, na vifaranga wako ni chakula chake. Perege wachache waliobaki kwenye kidimbwi nao watazaa mapema, na watoto wao watakula chakula ulichonunua kwa ajili ya wengine.

Pili, tope jeusi. Ni mabaki ya chakula na kinyesi. Likinuka kama yai bovu, ujue lina gesi yenye sumu kwa samaki.

Tatu, vimelea na magonjwa. Mwaka 2017 FAO ilitoa tahadhari kwa nchi zote kuhusu virusi vya perege vinavyoitwa TiLV. Havina dawa ya kutibu. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, tiba ni usafi kabla samaki hawajaingia.

Hatua za kufuata

1. Toa maji yote. Weka wavu kwenye bomba la kutolea ili samaki wasitoroke kwenda mtoni. Maji yetu mengi huishia Malagarasi, na mto ule una perege wake wa asili ambao tukiwachanganya na wa mabwawani tunawaharibu.

2. Toa tope. Bakiza lisilozidi sentimita 10 hadi 15. Linaloondolewa lipeleke kwenye migomba, ni mbolea nzuri. Fanya hivi kabla ya chokaa, siyo baada.

3. Kausha kwa jua, wiki mbili hadi tatu. Kipimo ni mguu wako: tembea katikati, usizame, na ardhi iwe imepasuka. Ndiyo maana Juni hadi Agosti ni wakati wetu mzuri. Ukisubiri mvua zianze, umechelewa.

4. Mwaga chokaa. Kwa kila mita za mraba 100 tumia kilo 10 hadi 15 za chokaa hai, au kilo 15 hadi 20 za chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka kuta. Bwawa la mita 10 kwa 20 litahitaji kilo 30 hadi 40 za iliyozimwa. Mwaga chini, kwenye kuta, na zaidi kwenye mashimo yenye unyevu. Hapa wengi wanakosea: chokaa ya kilimo inapunguza tindikali ya udongo, lakini haiui wadudu wala kambale. Vaa glavu, buti na kitambaa usoni, upepo uwe mgongoni. Chokaa hai inaunguza ngozi na macho.

5. Subiri wiki moja, kisha jaza maji kupitia wavu wenye matundu madogo. Maji ya chokaa usiyafungulie kijitoni. Walio chini yako wanayatumia.

6. Weka samadi baada ya wiki nyingine. Ukiichanganya na chokaa mapema, virutubisho vinapotea. Maji yakiwa ya kijani, zamisha mkono mpaka kiwiko. Kiganja kikianza kupotea hapo, chakula cha asili kipo.

7. Jaribu kwanza. Pima pH, isizidi 9. Kisha weka vifaranga 10 kwenye kizimba kidogo cha wavu humo bwawani kwa siku mbili. Wakiwa hai na wachangamfu, lete wengine.

Kama bwawa lina chemchemi na halikauki?

Mabonde yetu mengi yako hivyo. Weka chokaa mara mbili kwenye sehemu zinazotoa maji. Kama bado huna uhakika, usiweke vifaranga wadogo. Nunua wakubwa zaidi ambao kambale hawezi kuwameza kirahisi.

Tenki la plastiki au la turubai ulilonunua kwa mtu

Hapa chokaa haihitajiki. Sugua uchafu na utelezi wote kwanza, maana klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha changanya mililita 120 za dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ya asilimia 3.5 kwenye ndoo ya lita 20. Paka kuta zote, ziendelee kuwa na unyevu kwa saa moja, suuza mara tatu, anika juani siku kadhaa. Usiichanganye dawa hiyo na sabuni ya chooni au kitu chochote chenye asidi. Inatoa hewa ya sumu. Nyavu na ndoo za kuazimana nazo zipitie humo humo.

Ukijumlisha, kazi yote inachukua wiki tano hadi sita. Najua mkopo haukusubiri, na bwawa tupu halileti hela. Lakini wiki sita za kusubiri unazijua mwanzo na mwisho wake. Kambale mmoja aliyebaki chini, hesabu yake utaipata siku ya kuvuna.

Ukiwa tayari kupandikiza, niite kabla hujalipia vifaranga. Nitakuja na buti.