SOMO LA MWEZI HUU: MWILI WETU TOKA UTOTO HADI UZEE



Juzi nilikaa na akina mama wa kikundi kimoja hapa Kayole. Mjane wa miaka 61 akasema polepole, "Nakonda. Lakini nitaenda kupimwa ukimwi na umri huu? Watu watasema nini?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Kicheko kama hicho kimezika wengi.

Mungu alituumba na mwili, na mwili una mambo yake katika kila umri. Tuyaangalie.

1. Watoto. Mfundishe mtoto majina ya viungo vyake bila aibu. Mwambie hakuna mtu, awe mjomba ama jirani wa ploti, wa kumshika huko. Akitendewa ubaya, usimwoshe. Mpeleke hospitali mara moja, kabla masaa 72 kuisha, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi haingoji. Sheria ya mwaka 2006 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Si jambo la kumalizwa nyumbani kwa pesa.

2. Vijana. Msichana aelezwe hedhi kabla haijaanza, na mvulana aelezwe ndoto za usiku. Wasipoambiwa na sisi, wataambiwa na mtaa. Chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10.

3. Watu wa ndoa. Nendeni mpimwe pamoja. Mradi wa EDARP wa Jimbo Kuu la Nairobi ulianza huku Eastlands mwaka 1993, wakati maskini hakuwa na dawa. Leo dawa ziko. Anayemeza kila siku mpaka virusi visionekane kwa kipimo, hamwambukizi mwenzake kitandani.

4. Wazee. Hedhi ikikoma, ngozi ya ndani huwa kavu na nyembamba, ikichubuka upesi. Si laana, na daktari anaweza kusaidia. Baba anayeamka kukojoa mara nyingi usiku aangaliwe tezi dume. Na virusi haviulizi mtu kitambulisho.

Yule mama alienda kupimwa. Waliomsindikiza ni wawili kati ya wale waliocheka. Majibu ni yake, hatuulizi.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Katika kikundi chetu, ni nani anaogopa kusema?
(b) Tunacheka nini?
(c) Wiki hii tutamsindikiza nani?