Ndege Afuataye Siafu katika Msitu wa Minziro

Mwanafunzi wa Nshambya hahitaji kuelezwa siafu ni nini: wakiingia nyumbani usiku, watu hutoka nje. Lakini katika msitu wa Minziro, kaskazini ya Bukoba mpakani mwa Uganda, yuko ndege ambaye kwake msafara huo ni neema. Jina lake la kisayansi ni Bleda syndactylus, wa jamaa ya shore. Mgongo wake ni wa rangi ya zeituni, kifua cha manjano, mkia wa rangi ya kutu. Juu ya jicho pana ngozi tupu ya samawati. Huishi vichakani, chini ya miti mirefu, na aghalabu husikika kabla ya kuonekana.

Wengi hudhani kwamba huwala siafu. Sivyo. Siafu wapitapo, panzi, mende na buibui hukurupuka kutoka katika majani makavu, naye huwadaka. Yasemekana siafu hawapati hasara yoyote. Mwalimu asiharakishe kukubali, kwani uchunguzi uliofanywa Panama ulionyesha kwamba ndege wa tabia hiyo hupunguza mawindo ya siafu.

Msafara wa leo haupiti papo hapo kesho; kwa hiyo ndege huhitaji msitu mpana. Utafiti wa Kakamega, Kenya, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta makundi ya ndege wafuatao siafu yamepungua katika vipande vidogo vya msitu. Miti michache iliyosazwa kati ya migomba haimfai ndege huyu, ingawa yamtosha shore wa kawaida aimbaye uani Nshambya.