Dondoo Muhimu: Mabomba ya Ardhini ya Kupashia Nyumba Joto

Mwenye kuazimia kuipasha nyumba yake kwa joto la ardhini, katika nchi ya baridi kama Uswidi ambako visima vya kuvuta joto hilo vimeenea sana, yampasa kwanza ahesabu joto linalopotea nyumbani siku za baridi kali, kwa kuwa urefu wa bomba hufuata hesabu hiyo, wala si ukubwa wa kiwanja.

Kisha autazame udongo: mfinyanzi wenye unyevu hupitisha joto kwa wepesi, ilhali mchanga mkavu ni bahili, na mwenye nao hana budi kuongeza bomba. Penye wasaa, bomba hulazwa kina cha mita 1 hadi 2. Penye dhiki huchimbwa kisima, aghalabu cha mita 100 hadi 200, nacho kitengwe na cha jirani kwa mita 20, visije vikanyang’anyana joto.

Fundi anayeshauri kufupisha bomba ili kupunguza gharama, naona asisikizwe, maana ardhi itazidi kupoa mwaka hadi mwaka, na pampu inayovuta joto kutoka ardhini itakula umeme kuliko akiba yote iliyopatikana. Viungo vya bomba la polietilini viunganishwe kwa kuyeyushwa, na bomba lijaribiwe kwa shinikizo kabla ya kufukiwa.